Droo kwenye Mkanda Mkuu

Harusi yangu iliahirishwa mara mbili, na mara zote mbili aliyeniponza ni mkanda. Nasema mkanda mkuu wa mgodini, ule wa mpira mpana unaochukua mawe kwenye mdomo wa shimo, ukapanda nayo kilima, ukayamwaga kwenye mtambo wa kusagia. Wenzangu wakinyang'anywa mchumba hunyang'anywa na mwanamke mwenye kope ndefu. Mimi nilinyang'anywa na kitu chenye rola, na shangazi yangu, ambaye hana dogo, akakipa cheo siku ile ile. Akakiita mke mwenzangu.

"Na wewe ndiye mdogo," akaniambia. "Yule kakutangulia. Mke mkubwa akiita, mume huenda. Ndivyo mambo yalivyo."

Sikucheka. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi ya msajili wa ndoa, nimevaa gauni jeupe, namtazama msajili akifunga madirisha moja moja huku akijitahidi asinitazame.

Mchumba wangu ndiye fundi mkuu wa mkanda huo. Jina alilopewa na wazazi halitumiwi na mtu. Mgodi mzima humwita Spana, na siku hizi hata mama yake mzazi. Ni mrefu, ana maringo, anapenda kusikilizwa, na akikuambia kwamba beringi fulani itakufa kesho, mara nyingi hufa kweli. Isipokufa husema imeogopa.

Mara ya kwanza alifika ofisini kwa msajili mlango umeshafungwa, ana grisi mpaka masikioni, ameshika maua kwa mkono wenye glavu. Mara ya pili hakufika kabisa. Alimtuma kaka yake aje kuomba radhi. Kaka mtu alikuja amevaa suti, msajili akadhani ndiye, akamkaribisha kwenye kiti cha bwana harusi, na shangazi akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba asiyekuwepo na lake halipo, huyu naye ana miguu miwili na suti, tuendelee. Yule kaka alitoka pale bila kuaga.

Jioni ya siku hiyo nilimwita Spana, nikazungumza naye taratibu. Watu wanaonijua, nikizungumza taratibu huondoa vyombo vya kuvunjika.

"Kuna kiwanda cha saruji wananitaka, mbali huko," nikamwambia. "Wananingoja niwape jibu. Tutapanga siku ya tatu. Siku hiyo ukiondoka kabla sijawa mkeo, nakwenda huko peke yangu, na usinifuate."

"Sitaondoka," akasema.

"Hata simu ikilia?"

Akanyamaza. Spana ana kasoro nyingi lakini hadanganyi, na kimya kile kiliniuma kuliko uongo. Nilikuwa nampenda mpaka nikawa najikasirikia mwenyewe. Lakini aibu ya benchi lile nilikwisha kuivaa mara mbili, na sikuwa tayari kuivaa mara ya tatu.

"Basi omba Mungu mkanda usikwame siku hiyo," akasema mwishowe.

"Mungu nitamwacha apumzike," nikamjibu. "Mkanda wenyewe nitauchora upya."

Maana hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ni mchoraji wa mitambo. Ofisi yangu iko juu ya karakana, chumba chenye meza mbili, dirisha moja lenye vumbi, na sakafu inayotetemeka kila wanapowasha mashine ya kukatia chuma huko chini. Nimechora ngazi, mabomba, vifuniko, na choo cha mafundi ambacho mpaka leo wananishukuru kwa mlango wake. Mkanda sikuwahi kuugusa. Nilikuwa nimeukuta, na ukikuta kitu unadhani kimekuwapo tangu dunia iumbwe.

Mkanda hulala juu ya rola, mamia ya rola, tatu tatu kwenye kila fremu, zimepangwa zikaacha bonde katikati ili mawe yasimwagike. Rola moja beringi yake ikila vumbi, inakwama. Mpira unaendelea kupita juu yake, unaisugua, inapata moto. Kandokando kuna watu wanafanya kazi, na mpira ukishika moto hauulizi nani ana harusi. Ndiyo maana Spana hukimbia akiitwa, na kwa hilo sikumlaumu hata siku moja. Niliyemlaumu ni aliyeuchora.

Huyo sikuwahi kumwona, lakini tabia yake niliijua. Ni mtu ambaye hajabadilisha hata balbu nyumbani kwake. Ukitaka kutoa rola moja kwenye mkanda wake, unafungua kinga ya wavu, unauinua mpira kwa jeki, unalala chali chini yake, halafu unazitafuta nati alizozificha upande wa ndani, mahali pa kufikiwa na mtu mwenye viwiko viwili kwa kila mkono. Ukishazipata zimeshika kutu. Ukishazikata, fremu nzima inakushukia kifuani. Zamu inaisha, mgodi umesimama, na mahali fulani mwanamke amekaa kwenye benchi na gauni lake.

Jibu nililipata jikoni kwa shangazi. Alikuwa anaongea na simu, ameibana kati ya sikio na bega, mkono mmoja unakoroga sufuria, na kwa kidole kimoja cha mkono wa pili akavuta droo ya vijiko. Droo ikaja. Akachukua kijiko, akaisukuma kwa nyonga, ikarudi. Hakuitazama hata kidogo, na umbea wake haukukatika.

"Shangazi," nikasema, "fanya tena."

"Nifanye nini?"

"Hiyo droo. Ifungue tena."

Akaifungua tena, akamwambia mtu wa kwenye simu kwamba mtoto wa kaka yake ameanza kuchanganyikiwa kwa sababu ya kukosa mume. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti, natazama reli za droo kwa chini.

Nilichora wiki nzima. Kila fremu ya rola ikae kwenye reli mbili, iteleze kwenda kwenye njia ya kupitia mafundi kando ya mkanda, itoke nje na rola zake tatu bila mtu kulala chini ya kitu chochote. Nikampelekea Spana, nimejaa mbwembwe, nikamtandazia mchoro kwenye meza ya karakana juu ya mikate yake.

Akautazama. Akaugeuza. "Hii nati hapa nitaifikia na nini?" akauliza. "Na ulimi?"

Nikauchukua mchoro wangu nikaondoka. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaziondoa nati zote, nikaweka kabari, kipande cha chuma unachokigonga kwa nyundo upande huu kikafunga, upande ule kikafungua. Akasema mpini wa kuvuta droo ni mdogo, mkono wenye glavu hauingii. Nikamwambia mikono yake ndiyo mikubwa mno, nikaupanua mpini. Yeye naye akaleta wazo la kufunga kila droo kwa minyororo, nikamuuliza kama anafuga ng'ombe. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikatoa njia ya grisi kwa bomba mpaka nje ya kinga, ili mtu apake mafuta amesimama wima kama binadamu. Nikaichonga rola iwe nyepesi, mtu mmoja aweze kuibeba. Tulikuwa tunagombana kuanzia asubuhi hadi kengele ya kutokea, na nakwambia, katika maisha yangu sijapata kuwa na furaha ya namna ile. Wapenzi wengine huandikiana mashairi. Sisi tulikuwa tunagombea upana wa mpini.

Meneja, mama mmoja mwembamba asiyepoteza maneno, alikuja kuitazama droo ya kwanza ikiwa juu ya meza ya majaribio. Spana akaanza hotuba. Meneja akamnyamazisha kwa kidole, akaweka mkoba wake chini, akachukua nyundo, na kwa viatu vyake vya ofisini akagonga kabari na kuvuta. Fremu ikaja yote. Akairudisha. Akaivuta tena, nadhani kwa raha tu.

"Wekeni kwenye ile sehemu ya mteremko inayokwama kila mara," akasema. "Zikidumu, nitabadilisha mkanda wote."

Tukaziweka, na siku ya mwisho ya kuziweka ilikuwa mkesha wa harusi. Mafundi wa zamu nyingine nilipanga kuwafundisha nikirudi kutoka fungate. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo mwenyewe.

Kabla sijafika huko lazima niseme habari ya makufuli, maana bila makufuli hii hadithi haina miguu.

Mgodini kwetu hakuna anayegusa mkanda kabla hajaufunga. Kuna ubao wa chuma karibu na swichi kuu, una matundu. Kila anayekwenda kuushika mkanda hutundika kufuli lake mwenyewe pale, na ufunguo anauvaa shingoni. Wakiwa watu sita, makufuli sita. Mkanda hauwezi kuwaka mpaka la mwisho litoke, na kila kufuli lina alama ya mwenyewe ili lisichanganywe. La Spana limechorwa spana, hana ubunifu. Langu nililichora ua la njano. Ufunguo hapewi mtu wala hakopeshwi. Meneja mwenyewe haruhusiwi kukufungulia.

Mlinzi mkali wa sheria hiyo ni Spana. "Kufuli huvuliwa na aliyelivaa," ndivyo asemavyo, na kila akimaliza kazi husimama mbele ya ule ubao na kuutazama, tundu kwa tundu, ndipo aondoke. Siku moja fundi mmoja alisahau la kwake akaenda nyumbani. Spana akamfuata kwake, akamkuta bafuni, na hakumpa nafasi ya kutafuta suruali. Yule bwana alivuka mgodi mzima akiwa na taulo na ndala, mbele ya zamu mbili zinazopokezana. Tangu siku hiyo anaitwa Taulo, na hajasamehe.

Basi siku ikafika. Jumamosi, jua safi. Msajili alituambia atafunga saa sita mchana na kwamba safari hii, kwa heshima yetu, atafunga dirisha la mwisho polepole. Shangazi alikuwa amefunga kilemba cha kijani kirefu kiasi kwamba aliingia mlangoni kwa kupiga magoti kidogo. Spana alikuja mapema kutuchukua, amevaa suti, amenyoa, ananukia sabuni. Nilimwona nikataka kulia kwa furaha, nikajikaza kisabuni ili nisiharibu wanja.

Simu yake ikalia.

Akaitazama simu, akanitazama mimi, akapokea, akasikiliza. Rangi yake ilibadilika.

"Ni mwenzio," shangazi akaniambia. "Anakutumia salamu."

"Rola imekwama," Spana akasema. "Sehemu ya mteremko, droo mpya. Taulo anasema imeanza kutoa moshi, wamezima mkanda. Lakini wanaogopa kuigusa. Anasema hawajafundishwa, wakiivunja tutasema wamefanya kusudi."

Hakuongeza neno. Alisimama pale na suti yake, na nikaona kwamba hajui afanye nini na miguu yake. Hasira ilinipanda mpaka kwenye nywele, na haikuwa ya kumkasirikia yeye. Kuwafundisha ilikuwa kazi yangu.

"Funguo za gari," nikasema. "Tunakwenda wote."

"Na gauni hilo?" shangazi akauliza.

"Shangazi, nenda kwa msajili. Mshike. Akitaka kufunga, kaa mlangoni."

"Huyo namuweza," akasema, na nilimwonea huruma msajili.

Karakanani nilivaa ovaroli juu ya gauni. Jaribu siku moja uone. Gauni lilijikusanya lote kiunoni na kwenye mapaja, nikawa napita milangoni kwa ubavu, kofia ngumu juu ya nywele zilizosukwa tangu jana. Mafundi walinikodolea macho, na mmoja akanipigia saluti. Tukafika kwenye ubao. Spana akatundika spana yake, mimi nikatundika ua langu, funguo shingoni, tukapanda ngazi.

Rola ilikuwa bado ina joto. Taulo na wenzake walisimama kwenye njia ya kupitia wameweka mikono nyuma, kama watu waliokuja kutazama nyoka.

"Gonga," nikamwambia Spana.

"Droo ni yako. Gonga wewe."

Nikagonga kabari. Haikutoka. Nikagonga tena, ikagoma, na nikasikia jasho likitiririka ndani ya tabaka zote zile za kitambaa. Nikafikiria benchi. Nikafikiria kiwanda cha saruji na chumba ambacho ningekipanga peke yangu, sufuria moja, kikombe kimoja. Nikaigonga mara ya tatu kwa hasira zangu zote, pamoja na zile nilizokuwa nimewawekea watu wengine, na kabari ikaruka. Nikashika mpini kwa mikono miwili nikavuta. Vumbi likakwaruza kwenye reli, halafu fremu ikaja, yote, taratibu, rola zake tatu zikatoka nje kwenye mwanga zikasimama mbele yetu.

"Ala," akasema Taulo.

Spana akatoa ile mbovu, nikaweka mpya, tukasukuma, nikagonga kabari. Basi. Ndiyo hivyo. Kazi ya zamu nzima, na Taulo alikuwa hata hajatoa mikono nyuma. Nilianza kucheka nikashindwa kuacha. Spana akanishika mikono, tukacheza pale juu ya njia ya kupitia, buti za kazi na gauni, na wenzake wakatupigia makofi kwenye wavu wa kinga. Nadhani nilipiga kelele. Wanasema nilipiga.

Tukateremka mbio. Spana akafungua kufuli lake, akasimama mbele ya ubao kama kawaida yake, akautazama. Mimi nilikuwa nimeshamtangulia, navua ovaroli huku nakimbia, mguu mmoja umekwama. Akanifikia, akanishika mkono.

"Twende," akasema. Njia nzima alikuwa anapiga mluzi. Nikamuuliza mbona ametulia hivyo, na gari lile lilikuwa linapita kwenye mashimo kwa mwendo wa kutoa roho. Akasema leo moyo wake mweupe.

Tulimkuta shangazi amekaa kwenye kiti katikati ya mlango wa ofisi, kilemba kimegusa fremu ya juu, msajili yuko ndani akiwa amekunja mikono. Dirisha moja lilikuwa bado wazi. Tukaingia, watu wakapiga vigelegele, nikakaa kwenye kiti chenyewe cha bibi harusi, kile nilichokuwa nakitazama kutoka kwenye benchi. Kilikuwa kigumu na nilikipenda.

Spana akatoa simu yake mfukoni, akampa shangazi. "Nishikie, shangazi."

"Mpaka lini?"

"Utakapochoka kuniona."

Msajili akafungua kitabu, akasafisha koo. Akamuuliza Spana, Spana akasema ndiyo kabla swali halijaisha. Msajili akanigeukia mimi, akafungua mdomo, na ndani ya mkoba wa shangazi simu ikalia.

Shangazi akapokea. "Bwana harusi yuko kazini," akasema. "Kazi yenyewe ndiyo hii." Akasikiliza. Nyusi zikapanda mpaka chini ya kilemba. Akaishusha simu polepole.

"Hawamtaki yeye," akasema. "Wanamtaka bibi harusi."

Nikapeleka mkono shingoni. Chini ya mkufu wa mama yangu, chini ya shela, kulikuwa na kamba, na kwenye kamba kulikuwa na ufunguo.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimeshanyanyuka. Kabla sijafikiri neno, nusu ya mwili wangu ilikuwa imeshatoka kwenye kiti, naona akilini ule ubao na ua langu la njano linaning'inia, mgodi mzima umesimama, mawe yamekaa juu ya mkanda. Ndipo nikaelewa jinsi Spana anavyokuwa simu ikilia. Nilikuwa nimemwona akikimbia mwaka mzima bila kujua kwamba miguu hukimbia yenyewe. Msajili alitazama saa ya ukutani. Ningeenda na kurudi angekuwa ameshafunga, na safari hii mtoro ni mimi.

Mkono ukanishika gauni kwa nyuma.

"Kaa," Spana akasema.

"Kufuli ni langu."

"Najua. Kaa." Akamnyooshea shangazi mkono, akaichukua simu. Nilisikia sauti ya meneja, nyembamba, inauliza. Spana akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Mama," akasema, "mkanda uliosimama haumuumizi mtu. Kufuli huvuliwa na aliyelivaa, na aliyelivaa anaolewa. Tutakuja akimaliza."

Akaizima simu kabisa, akairudisha kwenye mkoba wa shangazi, akaufunga zipu mwenyewe. Mwanamume huyu, ambaye hajapata kuuambia mkanda usubiri tangu azaliwe. Nikakaa.

"Tuendelee?" msajili akauliza, akimwangalia shangazi zaidi kuliko sisi.

Nikasema ndiyo. Nilisema mara mbili kwa sababu ya kwanza ilitoka na kilio.

Tulikwenda mgodini msafara mzima, magari yamefungwa maua, honi zinalia. Zamu yote ilikuwa imejipanga kutoka getini hadi kwenye swichi kuu. Mbele kabisa, karibu na ubao, alisimama Taulo. Na begani, sijui alilitoa wapi, alikuwa ameweka taulo jeupe lililokunjwa vizuri.

"Nimewaletea," akamwambia Spana. "Kwa ajili ya aliyesahau."

"Mkuki kwa nguruwe," akasema mwingine kwa nyuma, na hata meneja akageuza uso acheke. Nikalipokea lile taulo, nikalivaa juu ya shela, ndipo nikafungua kufuli langu. Lakini kabla hawajawasha nikalitundika tena, nikamwambia Taulo atundike la kwake, wenzake nao, tukapanda, nikawafundisha pale pale, na gauni langu. Kila mmoja akagonga, akavuta, akarudisha. Taulo aliivuta mara nne. Tuliposhuka nilihesabu makufuli yakitoka, na Spana akasimama nyuma yangu.

Mkanda ukawaka. Ulianza kwa kunguruma, mawe yakasogea, yakapanda kilima. Shangazi, ambaye alikuwa hajapata kuuona, alikuja mpaka kwenye uzio akautazama kutoka chini hadi ulikopotelea juu.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Ndiye, shangazi."

"Mrefu kuliko nilivyodhani." Akanisukuma kidogo kwa kiwiko. "Haya. Msalimie mkubwa wako."

Nikauambia shikamoo. Watu hawakuwa na mbavu.

Kwenye gari, tukirudi kwenye chakula, tulikuwa wawili tu nyuma. Nilikuwa nimeegemea bega lake na taulo langu, nacheka kidogokidogo kila nikikumbuka kitu. Ndipo jambo moja likanijia, nikakaa wima.

"Wewe hujawahi kuupita ule ubao bila kuutazama," nikasema.

"Sijawahi."

"Na leo uliutazama. Nilikuona."

"Niliutazama."

"Kwa hiyo uliliona kufuli langu pale."

"Ua la njano," akasema. "Linaonekana kutoka barabarani."

Nikamkodolea macho. "Ukanyamaza?"

Akageukia dirisha. Akajikuna sikio. "Mkanda wenye kufuli la mtu hauwezi kuwaka," akasema. "Usipowaka haukwami. Usipokwama hawaniiti." Akanigeukia. "Nilikuambia sitaondoka. Ukaniuliza hata simu ikilia, nikakosa jibu. Leo nimelipata, lakini lilikuwa kwenye ufunguo wako, si wangu."

Nilimwambia hilo ni kosa kubwa la kazi, na kwamba Jumatatu nitamshtaki kwa meneja. Akasema sawa, nimshtaki, lakini tusubiri Jumatatu, kwa sababu simu yake iko kwa shangazi na shangazi hajamchoka bado. Nikaurudisha ufunguo wangu chini ya mkufu wa mama, nikamshika mkono, na grisi yake ikabaki kwenye gauni langu, ambapo ipo mpaka leo.